Skrubu Mbili za Khatibu

Khatibu wa Likoni alikuwa mtu wa chini. Si kwa cheo, bali kwa kazi: katika kundi lao la sarakasi, lililowachezea watalii kwenye mahoteli ya Diani, yeye ndiye aliyesimama chini kabisa na wenzake watano wakampanda mabegani. Miaka sita alisimama hivyo, na kila onyesho alilimaliza kwa kujipinda kinyumenyume mpaka kisogo kikakaribia visigino, wazungu wakapiga makofi. Alipoanza kuumwa kiuno, wenzake walimwambia ni msuli tu. Wakaendelea kumpanda mwaka mzima, mpaka asubuhi moja ya mwaka 1989 aliposhindwa kuvaa suruali.

Picha ilionyesha pingili ya chini kabisa ya kiuno imepasuka pande zote mbili. Si kwa kuanguka, daktari alieleza, bali kwa kukunjwa na kukunjuliwa kila siku, kama waya. Wakampasua. Wakachota vipande vya mfupa nyongani mwake, wakavijaza kwenye nyufa, na kila upande wakaukaza kwa skrubu moja. Kisha wakamfunga mkanda mgumu kutoka kifuani mpaka nyongani.

"Miezi sita," daktari alimwambia. "Usiiname, usijipinde, usibebe hata ndoo. Ukivumilia, utarudi kucheza. Usipovumilia, sina la kukuahidi."

Khatibu alivumilia. Mama yake, Bi Mwanaima, alimvisha viatu, akamwosha miguu, akamfukuza kila aliyekuja na mafuta ya kumkanda. "Mwanangu si unga wa mandazi," alisema. Wiki ya kumi picha mpya ilionyesha nyufa zimeanza kuziba, na Bi Mwanaima akalia kwa furaha. Siku nne baadaye presha ilimwangusha jikoni, wala hakuinuka tena.

Maiti ya mwanamke hupokewa kaburini na maharimu wake, wanaume wa nasaba wasioweza kumwoa, nao walikuwapo wa kutosha: Sheikhan, kaka wa marehemu, na wanawe wawili. Khatibu hakuhitajika hata kidogo. Lakini Sheikhan alikuwa mtu wa kuogopa macho ya watu, na zaidi ya hayo hakuogopa kitu. Hospitalini hakuwahi kutia mguu. Sasa jeneza limeshatuliwa, shuka imeshatandwa juu ya kaburi, ndipo akapaza sauti.

"Khatibu! Mamako ana mwana mmoja tu duniani. Leo aenda kulazwa na wapwa zake, nawe umesimama hapo kama mgeni?"

"Mjomba, daktari amenikataza."

"Daktari ndiye aliyekuzaa?"

Watu walinyamaza. Kunyamaza kule kulimuuma Khatibu kuliko kisu cha daktari. Ndani ya mkanda ule mtu hawezi kuinama, kwa hiyo akaufungua, akamkabidhi jirani, akashuka.

Mmoja wa wana wa Sheikhan akampisha, naye akapokea upande wa kiunoni, ulio mzito. Mwanandani, pale pa kulazia maiti, uko kando ya shimo, hivyo ilimbidi ainame, ageuke, amshushe, yote kwa mara moja. Alimshusha taratibu, asije akamwumiza. Palepale kitu kikakatika ndani ya kiuno chake, tik! Hakupiga kelele, nani apige kelele ndani ya kaburi la mamake? Machozi yalimtiririka, na watu wakasema, maskini, alimpenda sana mamake.

Skrubu moja ilikuwa imevunjika, na ufa umeachama kuliko mwanzo. Safari hii daktari hakuahidi kitu. Waliiunganisha pingili ile na mfupa ulio chini yake, viwe kitu kimoja, visikunjike tena maisha. Jaffar, kiongozi wa kundi, alishampata mtu mwingine wa kusimama chini.

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa, Sheikhan alikuja wodini na machungwa. Aliketi, akawatazama wagonjwa wa vitanda vya jirani ili ajue kama wanamsikia.

"Kwani nani alikushurutisha ushuke, baba?" alisema kwa huruma. "Dini yetu nyepesi, wallahi. Mgonjwa ana udhuru wake. Ungesema tu."

Khatibu alitaka kumgeuzia mgongo asimwone. Lakini kugeuka kwenyewe kulihitaji wauguzi wawili, nao walikuwa wamekwenda kunywa chai. Akabaki vivyo hivyo, akimtazama mjomba wake akimenya chungwa.