Udhibiti wa Mbali

Mshona mapazia aliiweka kompyuta ya nyumbani kwenye meza ileile ya cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa. Aliitumia kuchapa michoro ya wateja na kuonana na dada yake mkubwa, aliyeishi ng'ambo.

Kompyuta ikaingiwa na virusi. Fundi aliyeisafisha akawasha programu ya ukuta wa ulinzi, akamwambia, "Sasa itakuuliza huduma ipi ipite na ipi izuiwe. Wewe chagua tu."

Chagua tu! Alipoiwasha, yakamtokea majina kama ya majini. Akamwita mumewe seremala, aliyekuja na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Baba watoto, hii 'Ugunduzi wa Mtandao' inagundua nini?"

"Sisi tuna nini cha kugunduliwa? Kataa."

"Na hii yenye herufi na namba tupu?"

"Isiyo na jina la maana ina lake jambo. Kataa."

Ikaja 'Udhibiti wa Mbali'. Uso wa mke ukachangamka.

"Mbali! Hii ndiyo ya dada." Akairuhusu kwa moyo mweupe.

Jumapili dada yake alikuwa afunguliwe bandeji baada ya kupasuliwa macho. Walikuwa wameahidiana: uso wa kwanza atakaoutazama vizuri uwe wa mdogo wake. Mshona mapazia akajipaka wanja, akaketi mbele ya kompyuta. Kimya. Akajaribu kuchapa mchoro ili asogeze muda; printa nayo ikajifanya haimjui. Mpaka alasiri wanja ulikuwa umeshamchuruzika. Ndipo simu ikalia.

"Mdogo wangu, nimekukosea nini? Kila nikipiga, sikupati. Nimekaa nimefumba macho kama mjinga, nesi ananishangaa."

"Nakusubiri, dada! Hata Udhibiti wa Mbali nimekufungulia, maana uko mbali."

Dada akaangua kicheko, kisha akakikatiza ghafla. "Ole wangu, daktari amenikataza kucheka. Hiyo si yangu! Ofisini kwetu ipo: mtu anakaa kwake anaiendesha kompyuta yako kama yake. Ifunge sasa hivi!"

Akaifunga. "Yako ni ipi, basi?"

"Nisomee ulizokataa."

Akasoma. Ile ya herufi na namba ndiyo ilikuwa programu yao ya kupigiana simu za video. Na Ugunduzi wa Mtandao ndiyo iliyokuwa ikiitafuta printa; dada akamwambia airuhusu kwa mtandao wa nyumbani tu.

"Kumbe tuna cha kugunduliwa," mumewe akanong'ona kutoka mlangoni.

Picha ikatokea. Dada alikuwa bado amefumba macho. Akayafumbua polepole, mekundu, yakilengalenga.

Mdogo wake akalia. Lakini jambo moja lilikuwa bado linamkwama rohoni.

"Dada, sasa kama uko mbali, kwa nini hutumii ile ya mbali?"

"Nyamaza kwanza," dada akasema. "Acha nikutazame."