Tundu la Kupumulia

Gitaa liliingia kijijini Nyacheki Jumapili alasiri, limelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani na kufungwa mkanda wa usalama. Mokeira mwenyewe hakuwahi kupewa heshima hiyo na gari lolote. Siku hiyo alikaa na magunia ya mbolea.

Lilikuwa gitaa la besi, la umeme, jeusi, jipya kabisa. Baba yake, Momanyi, alikuwa amemwahidi chombo cha muziki akimaliza muhula wa pili wa kidato cha tatu bila jina lake kuandikwa kwenye kitabu cha makosa cha bweni. Muhula uliisha na jina halikuandikwa. Momanyi hakuuliza ilikuwaje, na Mokeira hakuona sababu ya kumweleza kwamba kitabu chenyewe kilipotea wiki ya tatu na hakikuonekana tena.

Gitaa liliwekwa mezani, vikombe vikaondolewa, na familia ikalizunguka kama watu waliokuja kutambua mzigo uliookotwa. Wa kwanza kutoa maoni alikuwa Momanyi. Alihesabu nyuzi, kisha akazihesabu tena kutoka upande wa pili.

"Nne," alisema.

"Ndiyo, Tata."

"Ile niliona Nyamira kwa harusi ilikuwa na sita."

"Ile ni gitaa ya kawaida. Hii ni besi. Besi ni nne."

"Nani amekuambia? Si ni huyo huyo Shariff?"

Shariff ndiye mwenye duka la vyombo vya muziki mjini Kisii. Momanyi alimpigia simu hapo hapo, akaiweka mezani na kuongeza sauti ili mashahidi wasikie.

"Bwana Shariff, umeniuzia gitaa iko na mapengo."

"Mzee Momanyi! Mapengo tena?"

"Nyuzi mbili hazipo."

"Mzee, hiyo ni besi. Imezaliwa hivyo. Ng'ombe wako ana chuchu ngapi?"

"Nne."

"Na uliponunua huyo ng'ombe, ulimpigia mtu simu ukauliza zingine ziko wapi?"

Hiyo ilikuwa hoja ya mfanyabiashara anayewajua wateja wake.

"Lakini mimi sitaki lawama," Shariff aliendelea. "Ikikushinda, nirudishie Ijumaa kabla sijafunga kwenda msikitini. Isiwe na mkwaruzo, na hiyo plastiki ya juu isibanduliwe. Nitakupa kinanda badala yake."

Mokeira, ambaye tayari alikuwa amebandua pembe moja ya hiyo plastiki, aliirudisha mahali pake kwa kidole gumba na mate kidogo.

Wa pili alikuwa bibi yake, Drusilla, ambaye masikio yake yalikuwa yamestaafu miaka kadhaa kabla yake. Aliliinua gitaa, akalirudisha mezani haraka.

"Hii ni uzito wa mtoto wa darasa la kwanza," alisema. "Mtu atabeba hii halafu aimbe saa ngapi?"

"Siimbi, Magokoro. Napiga tu."

"Unapiga nani?"

Kisha Momanyi akatamka neno ambalo Mokeira alikuwa amelisubiri kwa hofu tangu Kisii. "Sikia, mtoto wangu. Hii gitaa nimenunulia kanisa, nimekupa wewe ushike tu. Baraza la kanisa linakaa Jumatano. Wakikubali, inabaki. Wakikataa, Ijumaa inarudi kwa Shariff, na wewe utapiga kinanda."

Mokeira hakuwa na ugomvi na kinanda. Alikuwa amekipiga miaka miwili na kukiona chombo cha watu wenye subira. Ila alipolibeba gitaa hadi chumbani na kufunga mlango, alijua kwamba hataki kulirudisha. Alijua hata kabla ya kuligusa vizuri, jambo lililomshangaza, maana hakuwa mtu wa kupenda kitu haraka.

Alilikagua jinsi mkuu wa bweni anavyokagua masanduku siku ya kufungua shule. Besi ya shule ilikuwa na nyuzi tatu halali na wa nne uliotoka kwenye ua wa shamba la shule, na wanafunzi waliomtangulia walikuwa wamechonga majina yao mgongoni mwake. Hili halikuwa na jina la mtu. Lilinuka gundi na rangi mpya. Shingo ilikuwa ndefu hivi kwamba kufikia vigingi vya mwisho ilibidi bega lifuate mkono. Uzi wa juu ulikuwa mnene kama kamba ya kuanikia nguo, na wa chini kabisa, ukibanwa karibu na vigingi, ulitoa mlio wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Vyuma vya kando ya shingo vilikuwa na ncha kali; baada ya robo saa kiganja kilikuwa na mikwaruzo na ncha za vidole viwili zilikuwa zimefura. Aliyaandika hayo yote kichwani kama kasoro, na akayasamehe yote.

Jumatatu alilipeleka kwa Mwalimu Job, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa na spika kubwa nyumbani. Walichomeka waya kwenye tundu la ubavuni, Mokeira akapiga uzi mmoja, ule mnene, mara moja tu. Mabati yalitetemeka. Glasi ya maji ilihama. Kuku aliyekuwa ameatamia nyuma ya mlango aliondoka, na kwa taarifa zilizopo hakurudi kwenye mayai yale hadi kesho yake.

"Ee," alisema Job, mkono kifuani. "Mzee Obadiah akisikia hiyo, tumekwisha."

Mzee Obadiah ndiye aliyekuwa mzee wa kwanza wa kanisa na mkuu wa baraza, na msimamo wake juu ya besi ulijulikana. Alikuwa amewahi kuueleza Sabato nzima. "Ile kitu ya Keroka siku ya soko," alisema, "inakupiga kifua kabla hujajua wimbo ni gani!" Na kwenye neno kifua aliipiga kofi mimbari, ambayo ilikuwa sanduku kubwa la mbao lililo wazi ndani, nayo ikaitika *dum* hadi mlangoni. Alifanya hivyo kila alipotaka neno liingie.

"Basi hatasikia hiyo," alisema Mokeira.

"Utafanya nini?"

"Mwalimu, baraza limeomba kuiona na kuisikia gitaa. Halijasema chochote kuhusu waya."

Job alichomoa waya. Alikuwa amesimuliwa kile kisa cha tangazo la uongo la Mokeira la ukaguzi wa magodoro, wakati bweni zima lilipotoka alfajiri na magodoro kichwani na kujipanga uwanjani mbele ya mwalimu mkuu aliyekuwa amekuja tu kunywa chai.

"Mimi sijui kitu," alisema mwisho.

"Ndiyo msaada ninaotaka."

Jumatano saa kumi baraza liliketi kanisani, wazee sita kwenye mabenchi mawili yaliyotazamana. Mokeira aliingia na sketi ya shule, soksi zimevutwa juu, uso umeoshwa mara mbili. Gitaa lilikuwa mapajani. Waya ulikuwa nyumbani, chini ya godoro.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza Obadiah.

"Ndiyo, Mzee."

"Piga tusikie."

Akapiga. Besi ya umeme isiyo na umeme hutoa sauti ya mtu anayekuna kichwa chumba cha pili. Mzee mmoja aliinama mbele, mkono sikioni.

"Imeanza?"

"Imeisha, Mzee."

Wazee walitazamana kwa nyuso za watu waliojiandaa kwa mvua ya mawe wakaletewa umande. Obadiah alinyoosha mikono, akapokea gitaa, akaligeuza taratibu. Kidole chake kilisimama kwenye ubavu, palipokuwa na tundu la duara lililozungushiwa chuma.

"Na hii tundu?"

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema ukweli. Mokeira alisema, "Ni ya kupumulia, Mzee. Mbao ikikosa hewa inapinda."

Mwalimu Job, kwenye kona, alipatwa na kikohozi.

"Inapumua," alisema Obadiah, bila tabasamu hata kidogo. Akaliweka sikio karibu na tundu, akasikiliza kama daktari, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akamgeukia katibu. "Andika. Baraza limelisikia gitaa la binti Momanyi na kuona lina adabu. Limeruhusiwa katika ibada. Na kwa kuwa linapumua lenyewe, lisiunganishwe na umeme, wala spika, wala waya wowote, Sabato hii na zote zijazo. Umeandika *zote zijazo*?"

"Nimeandika, Mzee."

Walifunga kwa sala. Mokeira alikuwa bado ameketi wakati Obadiah alipopita karibu yake akivaa kofia.

"Mokeira. Unajua kabla nistaafu nilikuwa nafanya kazi gani?"

"Hapana, Mzee."

"Fundi wa umeme, kiwanda cha chai. Miaka kumi na tisa." Akarekebisha kofia. "Tundu ya kupumulia sikuwahi kuona. Labda hawakuwa wanatuletea."

Akatoka.

Mokeira alikuwa amewahi kuwachezea wapishi, viranja, na naibu wa mwalimu mkuu mara mbili. Hii ilikuwa mara ya kwanza mzaha kurudishwa kwake ukiwa umeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na kuombewa.

Nyumbani Momanyi alisikiliza habari hadi mwisho. Hakukasirika, alikuwa kama mtu anayejaribu kuhesabu nyuzi tena.

"Wamekubali."

"Ndiyo, Tata."

"Lakini isitoe sauti."

"Ndiyo, Tata."

"Sasa si hiyo ni jembe? Jembe nyeusi ya bei?" Akavua viatu vya shambani. "Ijumaa asubuhi naenda Kisii. Uniambie kama nabeba au sibebi. Uamuzi ni wako, kwa sababu hiyo tundu pia ilikuwa yako."

Alhamisi Mokeira alikaa sebuleni na gitaa lake bubu. Drusilla alikuwa kwenye kiti kidogo akichagua maharagwe, mgongo wake umeegemea kabati la vyombo vya wageni. Mkanda wa gitaa ulikuwa unamkata Mokeira bega, basi akalisogeza na kuegemeza pembe yake kwenye ubao wa kabati ili apumzike. Akapiga uzi mnene, bila kutaka chochote.

Kabati likaunguruma. Vikombe vya wageni viligongana. Drusilla aliinua kichwa.

"Lori gani hiyo inapita juu yetu?"

"Si lori, Magokoro. Ni mimi."

"Rudia."

Akarudia. Aliliondoa gitaa kwenye mbao, sauti ikafa. Akaliegemeza tena, ikafufuka. Alifanya hivyo mara sita, kwa uangalifu ambao mwalimu wake wa fizikia hakuwahi kubahatika kuuona. Kisha akapiga wimbo wa kufungia ibada, polepole, noti baada ya noti. Bibi aliacha maharagwe, akageuka, akaweka kiganja kwenye mlango wa kabati na kukiacha hapo.

"Hiyo naisikia," alisema. "Ya kwaya siku hizi siisikii. Naona tu midomo."

Ijumaa asubuhi Momanyi alisimama mlangoni na koti la mjini.

"Inarudi?"

"Inabaki, Tata."

"Ikinyamaza?"

Mokeira alishika pembe ya plastiki na kuibandua yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, ili kesi isiweze kufunguliwa tena.

Siku ya Sabato kanisa lilijaa. Mokeira aliomba kiti kando ya kwaya, upande wa mimbari, na hakuna aliyeona sababu ya kumnyima. Obadiah alisimama nyuma ya mimbari, akatangaza wimbo, akavua miwani na kuiweka juu ya ubao, maana wimbo ule aliujua na alipenda kuuimba akiwa amefumba macho.

Ubeti wa kwanza Mokeira alipiga gitaa likiwa mapajani. Hakuna aliyesikia kitu, na wazee watano wa baraza waliridhika.

Kabla ya ubeti wa pili alisogeza kiti shubiri moja. Pembe ya gitaa ikagusa mbao. Akapiga.

Mimbari iliimba. Haikuwa sauti kubwa; ilikuwa nzito, yenye joto, ikipita sakafuni hadi kwenye miguu ya mabenchi. Kwaya ilisita nusu sekunde, kisha ikakaa juu ya sauti ile kama watu waliopata kiti. Kwenye benchi la tatu Drusilla, aliyekuwa akitazama midomo, aliacha kuitazama. Miwani ya Obadiah ikaanza kutetemeka, ikateleza kidogo kidogo hadi ukingoni.

Obadiah alifumbua macho, akaidaka. Akaangalia sakafuni, hakuona waya. Akaangalia nyuma ya Mokeira, hakuona spika. Akaangalia tundu; lilikuwa tupu, linapumua. Mwisho akaona pale pembe ilipokutana na mbao, akaweka kiganja chake juu ya mimbari, pale pale alipoipiga makofi miaka yote hiyo.

Ubeti ukaisha. Job aliinua mkono kuanzisha wa tatu na kuuacha hewani. Mokeira aliinua vidole kutoka kwenye nyuzi. Momanyi, kwenye benchi la wanaume, alitazama dirisha.

Obadiah aliiweka miwani mfukoni. Akainama kama mtu anayeokota kitu, na kwa sauti ya fundi aliye kazini akamwambia Mokeira, "Hapo juu kuna rafu ya vitabu, inakuzuia. Teremsha. Huku chini ni tupu."

Mokeira aliteremsha pembe ya gitaa.

"Ubeti wa tatu," alitangaza Obadiah, na mkono wake haukutoka kwenye mbao.