Vidole

Kiwandani walimwita mume wangu Vidole. Mabaki ya viwanda vya nguo yalitufikia katika marobota, yamechanganyika ovyo, na kazi yetu wachambuzi ilikuwa kutenga pamba tupu, maana poliesta kidogo tu huharibu pipa zima. Mimi nilikodoa macho mpaka yakauma. Yeye aligusa tu. Nyumbani binti yetu alimfunga macho kwa mtandio, akampa kipande hiki na kile, na baba mtu hakukosea hata siku moja. Kila poliesta aliisindikiza kwa maneno yaleyale: "Tupa hiyo, itatuharibia pipa." Nilimtania kwamba niliolewa na vidole, hayo mengine nilipewa nyongeza.

Kisha wakampandisha cheo. Akahamia chumba cha ndani, ambako pamba iliyosagwa hulowekwa kwenye dawa mpaka ikayeyuka, halafu ikakamuliwa kuwa uzi mpya unaong'aa. Wakubwa huiita selulosi. Sisi tunaiita uji, tena uji unaonuka kabichi iliyooza. Nilijivuna kama mjinga, nikawatambia mashoga zangu.

Harufu ikamfuata nyumbani, kwanza kwenye mashati, baadaye kwenye pumzi. Mtu mcheshi yule akaanza kufoka kwa sababu kijiko kimeanguka. Usingizini alipigana na watu nisiowaona. Nilipomuuliza msimamizi wao, alicheka, akasema dawa ile haina neno, kila mgeni huizoea. Niliogopa, lakini nikajilazimisha kumwamini.

Jioni moja mume wangu aliepua sufuria motoni kwa mikono mitupu. Akaibeba taratibu hadi mezani huku akinisimulia habari za kazini. Nilisikia harufu ya ngozi inayoungua kabla yeye hajatazama viganja vyake. Nikamsihi aombe kurudi kwenye uchambuzi.

"Nirudi kule nikafanye nini?" akaniuliza, macho chini.

Nilidhani ni kiburi cha cheo, nikanuna siku nzima.

Vidonda vilipopona, binti akaleta mtandio wake. Baba alikataa, mtoto akadeka mpaka akashinda, akamfunga macho. Akampa shuka kuukuu la pamba, baba akasema poliesta. Akampa mfuko wa nailoni, akasema pamba. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini, akidhani baba anamfanyia mzaha. Mimi niliacha kukunja nguo.

"Cha mwisho," mtoto akasema. "Hiki usikosee."

Akaushika mkono wa baba yake, akauweka shavuni kwake mwenyewe, akabana pumzi ili asicheke.

Vidole vikapapasa polepole, kwa bidii yote. Vikapita puani, vikapita kwenye kope.

"Poliesta," akasema mume wangu. "Tupa hiyo, itatuharibia pipa."