Saini ya Katikati ya Daraja

Kutoka dirisha la jikoni kwa Loreen Tackett, hospitali ya watoto ilionekana waziwazi ng'ambo ya mto. Dakika tisa kwa gari, kama treni ya mizigo haijafunga njia. Ila hospitali ilikuwa jimbo jirani, na bima ya bintiye Jolie, wa miaka minne, ilikuwa ya jimbo hili. Kwa hiyo dakika tisa hizo sasa zilikuwa zimeingia mwezi wa tano.

Jolie alikuwa na tundu kwenye moyo. Akipanda ngazi tatu tu, midomo inageuka zambarau. Daktari Haldane, aliyekwisha kuziba matundu ya namna hiyo kwa mamia ya watoto, alikuwa amempangia upasuaji Jumanne. Wakiikosa, nafasi nyingine ni majira ya baridi, na daktari hakuficha: moyo ule usingefika huko.

Kilichobaki ni jimbo kuridhika kwamba Daktari Haldane ni daktari.

"Si jimbo lake limeshamthibitisha?" Loreen aliuliza kwenye simu Ijumaa asubuhi.

"Hilo jimbo lake, mpenzi," alijibu Bi Velma wa ofisi ya bima, sauti tamu kama sharubati. "Sisi hatumjui. Alama za vidole tumepata. Bado mkaguzi wetu aende akaone kama hospitali ina mlango na kibao."

"Kibao kinawaka taa usiku kucha! Nakiona nikiosha vyombo!"

"Wewe si mkaguzi. Na mkaguzi havuki mpaka bila saini ya mkurugenzi, Bwana Pennick."

"Basi asaini."

"Amesafiri. Yuko kwenye mkutano wa kuwarahisishia watoto matibabu ya kibingwa."

"Wapi?"

Bi Velma akakohoa. "Ng'ambo ya mto. Hoteli inayotazamana na hospitali."

Loreen aliichapisha fomu ya ruhusa ya ukaguzi maktaba, akambeba Jolie hadi garini, akavuka daraja.

Hotelini, Bwana Pennick alikuwa mezani na wajumbe wenzake, anashughulika na kambare wa kukaanga.

"Dada yangu, naumia sana," alisema, akijifuta mdomo. "Lakini hapa niko nje ya jimbo. Saini yangu haina nguvu."

"Wino unakauka ukivuka mto?"

Meza nzima ikacheka. Jolie, akihema mgongoni, akauliza kwa sauti, "Mama, babu huyu ndiye anayekataa?"

Kicheko kikakatika.

"Pennick," akasema mama mmoja mjumbe, "nenda na huyo dada. Kambare hakimbii."

Katikati ya daraja kuna bamba la chuma linaloonyesha mpaka. Bwana Pennick alilipita kwa hatua kumi kuingia jimbo lake, akaongeza mbili za tahadhari, tai ikimpiga usoni kwa upepo na magari yakimpigia honi. Akaiweka fomu juu ya boneti ya gari la Loreen, akaandika: *Nimekagua mwenyewe, kwa ruhusa yangu mwenyewe. Mlango upo. Kibao kipo.* Akasaini.

Jumanne, baada ya saa nne za upasuaji na nyingine mbili za kungoja, Loreen aliitwa ndani. Midomo ya Jolie ilikuwa ya waridi. Hakuwahi kuiona hivyo tangu amzae. Alikuwa bado anaitazama midomo hiyo, simu ikalia.

"Mpenzi, pole," akasema Bi Velma. "Wamegundua daktari wa usingizi naye hajasajiliwa kwetu. Mtoto asilazwe usingizi kwanza."

"Mwambie Bwana Pennick," Loreen akajibu, "mtoto ameshaamka, anadai chakula."