Taa Iliyolishinda Jua

Kikundi cha utafiti cha Daktari Ngendo, katika chuo kikuu kimoja pale Juja, kilikuwa cha watu wachache, na kazi yao ilikuwa moja: kupaka utando mwembamba wa kemikali juu ya vipande vya kioo, kisha kuona kila kipande kinatoa umeme kiasi gani kikimulikwa. Walitafuta solar ambayo mtu wa kawaida angeweza kununua. Kwa sababu mawingu hayana ratiba, vipimo vyao walivifanya ndani ya maabara, chini ya taa kubwa iliyotengenezwa iige jua la saa sita mchana.

Mwaka ulipoanza, baada ya likizo ya Desemba, vioo vya mwanafunzi mmoja, Emmah, vilianza kutoa umeme ambao hakuna aliyewahi kuuona pale. Ngendo alipima mwenyewe, akarudia, akajikuta anacheka peke yake kama mtu aliyepigiwa simu ya habari njema. Kwa miaka alikuwa ameenda kwenye makongamano na matokeo ya wastani, akikaa viti vya nyuma. Sasa alikuwa na kitu cha kusema.

Kwenye mkutano wa kikundi, Austine aliinua mkono. Alikuwa kijana mpole wa kutoka Siaya, anayesomea shahada ya pili, na vioo vyake mwenyewe vilikuwa vimemkatalia tangu ajiunge nao.

"Daktari, mimi naona kama taa imekuwa kali," alisema. "Hata vioo vyangu vibovu vimepanda kidogo. Si tungeipima kwanza, kabla ya kuandika paper?"

Ngendo alimtazama. Alikuwa ameshaanza kuiandika hiyo paper.

"Austine, wivu haujawahi kutoa umeme," akamwambia. "Mwenzako akifaulu, jifunze kumpigia makofi."

Watu wakacheka. Emmah naye akacheka. Austine akavua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya kiti na kutoka. Hakurudi tena. Baadaye Ngendo alisikia kwamba anafundisha shule moja ya sekondari huko Ruiru. Akajiambia ni sawa tu, si kila mtu ameumbiwa utafiti.

Paper ilitoka katika jarida la kisayansi. Chuo kikapiga picha. Huko Ngoingwa, kanisa ambalo mama yake Ngendo alishiriki tangu ujana likapanga kumtolea Mungu shukrani Jumapili moja, kwa ajili ya binti yao.

Ijumaa kabla ya ibada hiyo, Emmah alipanda juu ya paa la jengo na vioo vyake. Alitaka tu picha nzuri, kioo kikitoa umeme kwa jua lenyewe. Mbingu ilikuwa safi, hakuna wingu. Aliposhuka, uso wake ulikuwa umekauka.

"Daktari, vinatoa nusu."

"Nusu ya nini?"

"Nusu ya ile tuliandika."

Walipanda pamoja. Ngendo alipima kwa mikono yake, jua likimchoma shingo, akabadilisha nyaya, akapima tena. Nusu. Akashuka mbio hadi kwa Jeconia, fundi wa maabara.

"Ile taa iliguswa?"

"Balbu iliungua Desemba, nikaweka ingine," Jeconia alisema, akishangaa kuulizwa. "Si nilikuambia, Daktari? Ulikuwa kwa simu, ukasema sawa."

Ngendo akakumbuka. Alikumbuka hata alivyompungia mkono aondoke. Balbu mpya ilikuwa kali kuliko jua, na hakuna aliyeipima.

Jumapili hakuweza kumzuia mama yake. Akina mama walimwimbia kutoka mlangoni hadi madhabahuni, mama yake akitangulia na kilemba kipya, akicheza kwa magoti yanayouma. Mchungaji akampa Ngendo maikrofoni. Hapo ndipo angesema ukweli. Aliona nyuso zote zile zikimngoja, akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa, "Asanteni sana. Mungu awabariki." Wakapiga makofi. Alirudi kuketi akihisi makofi yale yakimwingia mwilini kama viboko.

Nyumbani, kabla hata chai haijachemka, alimweleza mama yake yote. Mama alisikiliza akiwa amesimama, kilemba bado kichwani.

"Ngai!" alisema mwishowe. "Na mimi nimecheza vile mbele ya watu." Akavuta kiti, akakaa. Kisha akauliza, "Na huyo kijana aliyekwambia ukweli, ulimjibu nini?"

Ngendo aliyarudia maneno yale, neno kwa neno. Yalikuwa mabaya zaidi jikoni kwa mama yake.

"Mwari wakwa, binti yangu," mama akasema taratibu, "hiyo ya taa ni makosa. Hiyo ingine si makosa, ni ubaya. Nenda ukamtafute."

Jumatatu aliwaandikia wachapishaji kwamba anaiondoa paper, na kwamba kosa ni lake. Kisha akaendesha gari hadi Ruiru. Hakutaka kuingia shuleni. Alimwomba askari wa geti amwitie Mwalimu Austine. Austine alitoka na chaki vidoleni.

"Daktari. Karibu."

"Austine, ulikuwa sahihi. Ilikuwa taa. Nimekuja kukuomba msamaha."

Austine alipangusa chaki vidoleni, macho yake kwenye boda boda zinazopita.

"Nimeskia," alisema. "Lakini hii pole umeniletea hapa nje ya geti, tuko wawili. Yale mengine uliyasema ndani, watu wakicheka." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Samahani, Daktari, niko na darasa."

Akarudi ndani. Ngendo alibaki amesimama, askari akijifanya hamwoni.

Ijumaa iliyofuata Austine alikuja kwenye mkutano wa kikundi kwa mwaliko wa Ngendo, akakaa karibu na mlango. Ngendo alisimama mbele ya kikundi kizima, pamoja na wanafunzi wapya ambao hawakujua lolote. Aliwaambia kuhusu balbu. Kisha akayarudia yale maneno ya wivu na makofi, kwa sauti, kama alivyoyasema siku ile. Sauti ikamkatikia katikati, ikabidi aanze upya.

"Nilimdhalilisha mtu kwa sababu alikuwa anafanya kazi yake," alisema. "Austine, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Emmah alisema kwa sauti ndogo, "Mimi pia. Nilicheka."

"Nimekubali," Austine akasema. "Nimewasamehe nyote. Lakini sirudi kwa kikundi, Daktari. Nimeshaongea na mwalimu mwingine hapo ghorofa ya chini, nitamalizia shahada kwake."

Hapo Ngendo akatambua kwamba moyoni alikuwa ametarajia kijana arudi, na mambo yawe kama zamani. Uso ukamwaka upya kwa aibu ya kutarajia hivyo.

"Ni haki yako," alisema.

Siku hizi hukutana kwenye ngazi, Ngendo akipanda, Austine akishuka na vioo vyake. Austine humsalimu kwa heshima, "Habari ya asubuhi, Daktari?" Ngendo hujibu, nzuri, habari yako. Na kila mara ni yeye anayeinamisha macho kwanza.