Kikohozi cha Wimbo wa Nne

Albamu ile ilikuwa na nyimbo tisa, na Nyuzi alizipiga zote kwa gitaa moja, baada ya miaka miwili ya mazoezi iliyomwotesha sugu vidoleni. Lakini ukimuuliza msikilizaji yeyote anaipendea nini, hatakutajia gitaa. Atakukoholea. Mara tatu, ko, ko, ko, kisha atacheka.

Kikohozi hicho kilikuwa cha mama yake Nyuzi.

Mama alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba kimoja cha kushonea na mdomo usioshindwa na mteja yeyote. Jina la Nyuzi alilitoa yeye, siku alipomkuta binti yake wa miaka minne amefunga nyuzi za kushonea kwenye miguu ya kiti, amezivuta mpaka zimekaza, anazidonoa kwa kidole. Mzazi mwingine angemchapa. Yeye alimletea uzi mnene zaidi.

Kwa hiyo binti alipofika miaka ishirini na mbili akataka kurekodi albamu ya bluzi, ile bluzi yenye roki ndani yake, ya gitaa linalolia na kukoroma, mama alisema, "Studio za mjini za nini? Chumba si hiki hapa?" Na kweli. Walichukua majora ya vitambaa, wakayakunjua, wakayakung'uta, wakayatundika kuanzia darini mpaka sakafuni, kuta zote nne, hata mlango na dirisha vikafunikwa. Mwangwi ukafa, sauti ikakaa vizuri ajabu. Hakuna aliyefikiria vumbi. Watu watatu wazima, mmoja wao fundi wa nguo mwenye uzoefu wa miaka thelathini, walijifungia ndani ya manyoya ya vitambaa na kujisifu kwa ujanja wao.

Wa tatu alikuwa fundi wa kurekodi. Watu walimwita Bwana Tena, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno lake. Unapiga mpaka jasho linakutiririka, yeye anavua hedifoni, anakutazama kwa huruma, anasema, "Tena."

"Mama, ungetupisha kidogo," Nyuzi alisema siku hiyo.

"Nguo za watu hizi zote niwaachie nyinyi? Siondoki. Nitatulia kama maji mtungini."

Na alitulia kweli, nyimbo tatu nzima, amejiziba mdomo kwa kipande cha flana. Wimbo wa nne una mahali ambapo kila kitu kinasimama. Gitaa linakatika ghafla, kinapita kimya cha mapigo matatu, na katika pigo la nne gitaa linarudi kwa fujo. Mara ya kumi na moja Nyuzi alipiga kama aliyepagawa. Akafika kwenye kimya. Hapo kifua cha mama kikashindwa, ko, ko, ko, na gitaa likaingia palepale, utadhani walikuwa wamepanga.

Bwana Tena hakulitamka neno lake. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Hiyo ndiyo yenyewe," alisema. "Ukipiga nyingine utakuwa unaiigiza hii."

Walijaribu kukifuta kikohozi, lakini mlio wa nyuzi za gitaa ulikuwa bado haujafa ndani yake. Ukitoa kimoja, na kingine kinatoka. Ilikuwepo ile waliyorekodi mara ya tisa, safi, isiyo na kosa wala uhai. Nyuzi alizisikiliza zote mbili kutwa nzima, mwisho akachagua yenye kikohozi. Hakulazimishwa na mtu, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye.

"Kiacheni," mama alisema. "Nani ana muda wa kusikiliza kikohozi cha mama mtu mzima?"

Wenye muda walikuwa wengi. Mtangazaji mmoja wa redio aliusimamisha wimbo hewani, akaurudisha nyuma mara mbili. Mwandishi wa gazeti alijaza nusu ukurasa akieleza kwamba kikohozi kile ni sauti ya kizazi kilichochoka, na kuhusu gitaa akaandika sentensi moja tu, kwamba lipo. Watu wakatengeneza video: mtu anakunywa chai, kimya, ko, ko, ko, kikombe kinaruka. Wanafunzi wakakohoa darasani, na darasa zima likalipiga gitaa kwa mdomo. Nyimbo nane zilizobaki zikakaa pembeni kama wageni waliofika harusini wakakosa viti.

Mwanzoni mama alivimba kichwa. Wateja walikuja wakijifanya wameleta suruali ya kupunguzwa, wakasimama tu wanasubiri.

"Mmefuata suruali au kikohozi?" aliwauliza, kisha akawakoholea bure, akacheka mpaka akashika meza. Nyuzi naye alivunjika mbavu. Tusimwonee, nani asingecheka?

Lakini kikohozi hakikuisha. Miezi ikapita, mama akapungua, magauni yakaanza kumning'inia, na kila kikohozi kikawa kinakuja na maumivu. Akikohoa dirishani, mtu barabarani anamalizia, "Nyaang, nyang-nyang!" Alipokohoa kwenye foleni ya benki, watu walimpigia makofi. Nyuzi akaanza kumkuta uani, flana mdomoni, mishipa ya shingo imemsimama, anakizuia kifua chake kwa nguvu zote.

"Kohoa tu, Mama. Achana nao."

"Nikikohoa wanacheka, mwanangu. Naona haya. Mimi naumwa, wenzangu wanacheka."

Maneno hayo yalimchoma Nyuzi. Tangu siku hiyo hakutaka sifa wala umaarufu. Alitaka jambo moja tu, mama yake aweze kuugua kwa heshima zake, akohoe bila kuangalia nani yuko karibu.

Alimwendea Bwana Tena, wakautoa wimbo wa nne ule safi, ule wenye kikohozi wakauondoa kila walipoweza. Wasikilizaji wakaja juu. Walimwandikia kwamba ameharibu, kwamba sifa zimempanda kichwani, "turudishie kikohozi chetu." Chetu! Nyuzi alilisoma neno hilo, akaitupa simu kitandani. Lakini ule wenye kikohozi ulikuwa umeshaingia kwenye simu za watu, na huko mkono wake haukufika.

Akajaribu jukwaani. Jumamosi moja alasiri, ukumbi umefurika, alipofika kwenye kimya aliyajaza mapigo matatu kwa gitaa. Wakamzomea. Akasimama, akapiga moyo konde, akasogea kwenye kipaza sauti na kusema ukweli wote.

"Yule ni mama yangu. Anaumwa kifua, anaumwa kweli. Nawaombeni msikohoe."

Kisha mtu mmoja nyuma akasema kwa upole kabisa, "Pole sana, dada. Basi tumkoholee, apone."

Na watu mia nne, wenye huruma ya kweli usoni, wengine wakifuta machozi, wakakohoa pamoja mara tatu. Angewakasirikiaje? Walikuwa wanampenda. Alibaki amesimama na gitaa shingoni, na walipomaliza, vidole vyake vikaingia vyenyewe kwenye pigo la nne.

Wiki mbili baadaye mama alilazwa. Wodi ilikuwa na vitanda sita, chake kilikuwa cha dirishani. Daktari, mwanamke mfupi asiyependa kuzungusha maneno, alimvuta Nyuzi kando.

"Kifua kimejaa makohozi. Dawa tunampa, lakini lazima ayatoe mwenyewe, na hakohoi."

"Hana nguvu, au anajizuia?"

"Alianza kwa kujizuia. Sasa hata akitaka, nguvu hana. Kaa naye, mwambie akohoe."

Muuguzi alimwinamisha mama mbele, akampigapiga mgongoni kwa kiganja. "Kohoa, mama. Kwa nguvu." Mama alivuta pumzi, akafungua mdomo, ikatoka pumzi nyembamba, kama ya mtu anayepoza chai. Akamtazama binti yake kwa macho ya kuomba radhi.

"Hapa hakuna anayecheka, Mama," Nyuzi alisema. "Kohoa."

Kwenye kitanda cha mlangoni, mwanamke mmoja alikuwa amekuja kumtazama dada yake. Kwa kutaka kumchangamsha mgonjwa wake, alifungua muziki kwenye simu, sauti ya chini. Ulikuwa wimbo wa nne, ule wenye kikohozi. Gitaa likapanda, likakatika, na wodi nzima ikasikia kikohozi cha mwanamke mwenye kifua kipana, kizito, cha kutikisa meza.

Muuguzi aligeuka kumkemea. Nyuzi akamshika mkono.

"Muache. Mwambie aurudishe, aongeze sauti."

"Una wazimu?"

"Aongeze!" Kisha akapiga magoti kando ya kitanda, uso wake karibu na wa mama. Miezi yote alikuwa amehangaika kikohozi hicho kisisikike popote, na sasa alikuwa anakiomba kwa mgeni wa wodini. "Sikia, Mama. Huyo ni wewe. Fanya kama hivyo."

Mama aliitikia kwa kichwa. Gitaa lilipanda, likakatika. Simu ikakohoa mara tatu. Mama naye alifungua mdomo mara tatu, kwa wakati wake kabisa, na hakikutoka kitu.

Gitaa likaingia. Yule mwanamke wa mlangoni, bila kujua, akamwambia dada yake, "Mahali hapa ndipo napapenda mimi."