Sangara wa Jumapili

Bernadina alipoanguka na bodaboda kwenye barabara ya Nyarugusu, watu waliomwokota walimshukuru Mungu kwamba hakuvunjika kitu. Alikuwa na nundu kisogoni na michubuko mikononi, basi. Aliporuhusiwa hospitali, mumewe Donatus alimpikia uji wa ulezi, akautia maziwa na limau kama alivyoupenda. Bernadina alipiga mafunda mawili, akaweka kikombe chini.

"Umesahau sukari."

"Nimetia," Donatus alisema. "Nimetia mpaka nikaogopa."

Daktari aliwaeleza kwamba kichwa kikigongwa vile, mishipa ya kunusa inaweza kukatika, na ladha ikaondoka pamoja na harufu. Inaweza kurudi. Inaweza isirudi. Kwa mtu mwingine pengine ungekuwa msiba mdogo, lakini Bernadina alikuwa mpishi mkuu wa hoteli moja ya ghorofa Kalangalala, mjini Geita. Mgahawa wake ulikuwa na kibao kikubwa cha "Bistro", neno ambalo wafanyakazi walilitamka bisitiro, na watu walitoka mbali kuja kula pale kwa sababu yake.

Hawakumwambia mtu. Donatus alikuwa mhudumu palepale, hivyo kila sufuria ilipokaribia kuiva alipita dirishani pa jikoni, akachota kwa kijiko, akaonja. Akigusa kola, chumvi imepungua. Akikuna sikio, imezidi. Asubuhi alinusa nyama na samaki kabla Bernadina hajagusa kisu. Wateja walikula, wakasifu, na meneja, Mama Generosa, hakuona tofauti yoyote.

Kisha ikatoka rashi, mbio za kukimbilia dhahabu, huko Nyarugusu. Watu walisema kuna duara jipya, shimo la wachimbaji wadogo, linatema dhahabu, na kila mwanaume aliyekuwa na sururu alikimbilia huko. Donatus alianza kukosa usingizi. Jioni moja alikunja nguo zake kwenye begi.

"Nitaonjewa na nani?" Bernadina aliuliza.

"Mwambie Mama Generosa ukweli."

"Mpishi asiyesikia ladha? Atanifukuza papo hapo."

"Bena, nimechoka kubeba sahani za watu. Nipe mwezi huu tu. Pima kwa vijiko, wewe ni fundi, mikono yako inakumbuka."

Alimshika mkono kwa muda mrefu, kisha akaenda.

Mikono ilikumbuka kweli, lakini si kila siku. Alipima chumvi kwa kijiko, akapima binzari, akahesabu vitunguu. Siku nyingine mchuzi wake wa nazi ulitoka vizuri hivi kwamba wageni wa mgodini walipangusa sahani kwa chapati na kuomba kumwona mpishi. Kesho yake mchuzi uleule ulirudishwa jikoni haujaguswa, maana nazi ilikuwa imechacha. Meza ya dirishani mtu alisifu supu. Meza ya pili mama mmoja alitema supu hiyohiyo kwenye leso, kwa sababu bakuli lake lilitoka kwenye sufuria iliyotiwa chumvi mara mbili.

"Bernadina, una nini?" Mama Generosa alimuuliza. "Leo unanipandisha, kesho unanitia aibu. Wateja wanabishana mlangoni, huyu anasema hakuna pa kula kama hapa, yule anasema bora mama ntilie wa stendi."

"Ni uchovu, mama. Nitajirekebisha."

Tangu hapo akawa mkali. Aliyeuliza neno kuhusu chakula alijibiwa kwa ukali, na jikoni watu wakaacha kumsemesha.

Mzee Mabula na mkewe Mariana walikuwa wateja wa kila Jumapili. Walitoka kanisani, wakaja moja kwa moja na nguo zao za ibada, na kabla ya kukaa mzee alipita dirishani kumsalimu mpishi.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma na kumwita mama, ingawa Bernadina alikuwa mdogo kuliko binti zake.

"Mwadila, baba. Leo nikupikie nini?"

"Sangara wako. Daktari kanikataza nyama, sukari imenipanda. Lakini samaki sijakatazwa. Mama yako mpe kuku."

Usiku uliotangulia umeme ulikuwa umekatika, na jenereta halikuwa na mafuta. Asubuhi friza lilikuwa linanguruma tena na minofu ya sangara ilikuwa migumu kwa baridi, kwa hiyo Bernadina aliitazama akaridhika. Aliichoma juu juu, akaiingiza kwenye mchuzi wa tangawizi na vitunguu saumu. Adam, mhudumu aliyechukua nafasi ya Donatus, alikuja kuchukua sahani. Aliinama kidogo, akasita.

"Dada, huyu samaki vipi?"

"Vipi nini?"

"Kama... sijui. Ana harufu."

Bernadina alimsukumia sahani. Alikuwa ameulizwa maswali hayo wiki nzima.

"Sangara ananuka sangara. Ulitaka anuke marashi? Peleka chakula cha watu."

Adam alipeleka.

Mzee Mabula alikula, hakumaliza. Alimwambia Adam kwamba leo tangawizi ni kali, akacheka, akaondoka ameshika mkono wa mkewe. Jioni alianza kutapika. Mwili wake ulikuwa umeshachoka na kisukari, na kule hospitali maji waliyomtundikia hayakumfaa kitu. Alifariki kabla ya Jumapili nyingine kufika.

Ndugu walisema ni sukari. Mtaa mzima ulisema ni sukari. Adam hakusema lolote, ila hakumtazama tena Bernadina usoni, na alipokuja kuchukua sahani alizichukua kwa kunyoosha mkono kutoka mbali.

Bernadina alikwenda msibani. Mariana alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake. Alipomwona, alimsogezea nafasi, akamshika mkono.

"Ahsante kwa kuja, mwanangu. Baba yako alikipenda chakula chako. Tangu Jumatatu alikuwa anaingoja Jumapili."

Bernadina alijaribu kunyamaza, akashindwa. Alimwinamia sikioni.

"Mama, samaki alikuwa ameharibika. Mimi sisikii harufu tangu nilipoanguka."

Wanawake walikuwa wakiimba.

"Ulikuwa hujui, basi," Mariana alisema mwishowe.

"Niliambiwa. Adam aliniambia. Nikamgombeza."

Mkono wa Mariana ulilegea, kisha ukatoka taratibu kwenye mkono wake.

"Ondoka kwangu," alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuza uso. "Ondoka polepole, watu wasijue kitu. Sina nguvu ya kuzika na kugombana."

Alitoka kama alivyoambiwa, akawaaga watu mmoja mmoja. Siku iliyofuata alimweleza Mama Generosa yote, akavua aproni. Mama Generosa alilia, kisha akamsihi asilirudie jambo hilo kwa mtu mwingine, maana hoteli ingefungwa. Hakuna aliyekuja kumshtaki. Alingoja kwa siku nyingi mtu aje.

Alipochoka kungoja alihamia Kagongwa kwa dada yake Sesilia, akapata kazi ya kuchambua mchele mashineni pamoja na wanawake wengine. Walipikiana makande kwa zamu. Yeye aliomba awe anaosha masufuria tu.

Ni huko Donatus alikomfuata. Duara lao lilijaa maji, wenzake wakatawanyika. Alikuwa amekonda, anakohoa vumbi, na viatu alivyovaa si vyake.

"Mama Generosa kanieleza kilichotokea," alisema. "Ningekuwepo, Bena..."

"Hukuwepo."

"Turudi Geita. Tutafungua kibanda. Utapika, nitaonja mimi, kama zamani."

Bernadina aliendelea kutenga mawe na mchele juu ya ungo. Alikuwa hana hasira naye. Hilo ndilo lililomtisha Donatus, maana alikuja amejiandaa kutukanwa.

"Sitampikia mtu tena," alisema. "Hata wewe."

"Sasa tutaishi vipi?"

Sesilia alileta sahani ya wali na dagaa, Donatus akala peke yake, kwa pupa ya mtu mwenye njaa, huku mkewe amempa mgongo. Alipomaliza aliweka sahani chini na kwenda kutafuta gari la Kahama. Bernadina alisubiri apotelee njiani, ndipo akachukua sahani akaiosha.